Pori Halijichomi

Sikieni, watu wa Mabamba, nanyi wa Kibondo mjini na wa Kasulu mnaodhani neno hili linawapita kando. Kila mwaka kiangazi kikishakomaa, anga ya nchi yetu hugeuka rangi ya vumbi. Jua huzama jekundu kabla halijafika mlimani, watoto hukohoa usiku kucha, nguo zilizoanikwa hudondokewa na masizi. Mkiulizwa kulikoni, mnajibu kwa sauti moja: pori limeungua. Basi. Limeungua, kana kwamba lilichoka kuishi likajitia moto lenyewe.

Pori halijichomi. Radi za nchi hii huja na mvua, na mvua ikikatika Mei nazo huondoka, hazirudi mpaka mawingu ya Oktoba yaanze kujikusanya. Katika misitu ya kaskazini ya Kanada, ambako mwaka 2023 ziliteketea zaidi ya hekta milioni 15 na moshi wake ukashuka hadi New York, sehemu kubwa ya nchi iliyoungua iliwashwa na radi. Mtu wa kule akitaka anaweza kuinua macho juu na kulalamika, ingawa hata yeye ana la kujibu kuhusu moshi wa viwanda na magari uliozidisha joto na ukame. Wewe wa Mabamba huna nafasi hiyo. Satelaiti zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya ardhi yote inayoungua duniani kila mwaka iko Afrika, na katika miezi hii yetu mikavu hakuna wingu la kusingizia. Moto wa Julai, wa Agosti, wa Septemba, kuanzia Malagarasi inapofanya mpaka na Burundi mpaka kwenye mapori ya Moyowosi, ulitoka mkononi mwa mtu. Mtu huyo ana jina. Ana mke, ana shamba, ana jirani aliyemwona.

Naanza na wewe mkulima, maana ndinyi wengi. Ulifyeka vichaka vyako vya mteremkoni mwezi Juni ukaviacha vikauke. Ulikuwa na jioni tulivu za kuchagua na alfajiri za umande. Ukachagua saa saba mchana, nyasi zikiwa zimepita kimo cha mtu na zinavunjika zikishikwa, upepo wa mchana ukiwa umeamka. Ukawashia chini, bondeni, na usiniambie hukujua. Unajua tangu utotoni kwamba moto hukimbia zaidi unapopanda mlima kuliko unaposhuka, kwa sababu joto lake huzikausha nyasi za juu kabla wenyewe haujazifikia. Hukulima kinga hata ya upana wa hatua tatu. Hukumwita jirani, hukuandaa matawi mabichi, hukuteka ndoo ya maji. Ulipouona moto unavuka mpaka wa shamba ukatikisa kichwa, ukaweka panga begani, ukaenda zako. Jioni, pombe ikiwa mbele yako, ukasema neno ambalo nimelisikia mara nyingi mno katika vilima hivi: ukishatoka shambani kwangu, si wangu tena.

Neno hilo ndilo nililokuja kulikaripia. Mengine yote ni matawi yake. Mbuzi wako akivuka mpaka akala maharage ya jirani, huthubutu kusema kwamba alipovuka aliacha kuwa mbuzi wako. Utaitwa barazani, wazee watakaa, utatozwa faini na utalipa, tena utaomba radhi. Mbuzi mmoja, mdomo mmoja, matuta mawili ya maharage. Lakini moto ulioutoa wewe ukala mizinga ya mwenzako, ukala mihogo ya mjane, ukala nyumba ya nyasi ya mzee asiyeweza kukimbia, ukapanda mlima na kutokea kijiji cha tatu, huo ati hauna mwenyewe. Ni nani aliyewafundisha hesabu ya namna hiyo, kwamba hasara ikiwa ndogo ina mwenyewe na ikiwa kubwa inakuwa ya Mungu?

Na wewe mrina asali. Wewe unanishangaza kuliko wote. Kibondo inajulikana kwa asali yake mahali ambapo hawaijui kwa lolote jingine. Unapanda mti usiku na mwenge wa nyasi, unafukuza nyuki, unajaza ndoo, unashuka, na mwenge bado unafuka unautupa kwenye majani makavu. Bomba la moshi lipo, fundi wa mabati yeyote anaweza kukuundia, na nyuki hawafi. Umeliona kwenye mafunzo, ukapiga makofi, ukarudi kwenye mwenge.

Hebu simama siku moja mwezi Septemba utazame miombo. Tone la mvua halijaanguka, udongo ni mkavu kama ulivyo Agosti, na bado mitundu inachipua majani mapya mekundu. Mti unatoa wapi nguvu? Kwenye mizizi. Umeweka akiba tangu mvua zilizopita, na sasa unaifungua yote ili mvua ikija iukute tayari. Nyuma ya majani yanakuja maua, na kwenye maua hayo ndiko nyuki wanakokwenda kutengeneza asali unayoingoja. Huo ndio wakati mnaopitisha moto. Unaunguza majani machanga, unaunguza maua, unaunguza mizinga ya magome pamoja na makundi yaliyomo, na mti uliokwisha kutumia akiba yake unalazimika kuchipua tena kwa akiba ambayo haipo. Ukifanyiwa hivyo mwaka mmoja unajikongoja. Ukifanyiwa mwaka hadi mwaka, hufa kuanzia juu, tawi kwa tawi, nanyi mnasema siku hizi nyuki wamehama. Wamehama! Wahamie wapi, na ninyi ndio mmeteketeza chakula chao?

Wafugaji sitawasema sana, kwa kuwa kila mtu huwasema na wao hawasikii. Nyasi changa zinazochomoza baada ya moto ni tamu kwa ng'ombe, hilo kweli. Lakini zinachomoza kwa akiba ya shina, ng'ombe wanazila hapo hapo, na kila mwaka zinarudi chache kuliko mwaka jana, mpaka unabaki udongo mtupu unaosubiri mvua ya kwanza iubebe. Kisha mnahamisha mifugo mnasema malisho yameisha. Mchoma mkaa naye anajijua: anaacha tanuri linafuka, anakwenda kulala. Na vijana wanaowasha bonde zima ili wapate ndezi wawili na panya wa kubanika, sijui hata niseme nini. Hekta ngapi kwa ndezi mmoja?

Wazee wangu, shikamooni. Heshima yenu naiweka mbele, lakini hoja yenu siipokei. Mnasema pori limechomwa tangu enzi za babu zetu, nalo likaota tena. Mnasema moto ulifukuza mbung'o. Iko pia imani, isiyosikika kwetu tu, kwamba ukiwasha moto, nao moto ukafika mbali, utaishi miaka mingi. Kama ingekuwa kweli, Kibondo ingejaa watu wa miaka mia mbili.

Kuhusu mbung'o, nawakumbusha jambo. Katika enzi za Waingereza, Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o kule Shinyanga, alipanga moto mkubwa wa makusudi ili kuvunja makazi ya wadudu hao. Aliuwasha lini? Aliuzuia usiwashwe mapema. Alitaka nyasi zikauke kabisa, mwisho wa kiangazi, ndipo moto uwe mkali wa kutosha kuua vichaka na miti. Yaani moto wa Septemba ulitumiwa kama silaha ya kuangamiza pori, na wenyewe walijua wanaangamiza. Ninyi mnatumia silaha ile ile, mwezi ule ule, halafu mnashangaa kwamba pori linakufa.

Na kama hamwamini, tazameni Ndola, Zambia ya leo. Mwaka 1933 maafisa misitu wa huko walianza kupima viwanja vya miombo kama hii yetu. Vingine walivichoma kila mwaka mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi. Vingine walivichoma kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Vingine walivilinda, moto usiingie kabisa. Hawakubadilisha kitu kingine: mvua ni ile ile, udongo ni ule ule. Miaka ilipopita, viwanja vya moto wa mwisho vilikuwa nyasi na visiki. Vya moto wa mapema vilibaki msitu, miti imesimama. Vilivyolindwa vilianza kufungana kwa miti ya kijani isiyopukutisha majani. Tofauti ya miezi mitatu tu kwenye kalenda, na mmoja ana msitu, mwingine ana uwanda.

Kwa hiyo sisemi msichome. Anayekuja hapa kutoka mjini na bango la kukataza moto wote haijui nchi hii, na nyasi asizozichoma Juni zitamchoma yeye Septemba. Miombo imeishi na moto tangu zamani sana. Mninga una gome nene la kuvumilia. Mche wake huota, hufa juu wakati wa kiangazi, huota tena, miaka mingi, huku chini ukijenga mzizi, mpaka siku moja unapata nguvu ya kurusha shina litakalopita kimo cha ndimi za moto. Mungu akaupa subira hiyo. Lakini hata mche wenye subira unahitaji mwaka mmoja au miwili ya kupumua, na ninyi hamuupi hata mmoja. Kisha mnalia kwamba mbao za mninga zimekuwa za matajiri.

Ipo sababu nyingine inayonifanya niikatae hoja ya babu zetu. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya Waha wengi wa Kibondo kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakashushwa tena kutoka vilimani mwao wakapangwa vijijini. Yaliyopatikana na yaliyopotea katika safari hizo mbili ni habari ndefu. Ninaloliona mimi ni kwamba vilima vilibaki bila macho. Mtu aliyeishi juu ya kilima chake, nyumba yake katikati ya nyasi, hakuwasha moto ovyo, maana wa kwanza kuungua angekuwa yeye. Leo tunakaa kando ya barabara, tunakwenda porini kama wageni, na mgeni haogopi kuchoma nyumba asimolala.

Sasa mnaniambia ni wakimbizi. Nilijua mngefika hapo. Kuni zimekatwa kuzunguka kambi ya Nyarugusu tangu 1996, hilo halifichiki, na mama anayepika kwa mafiga matatu anahitaji kuni awe Mrundi, Mkongo au Muha. Lakini kambi ya Nduta, hapa Kibondo, ilifungwa ikakaa miaka bila watu, ikafunguliwa tena mwaka 2015. Katika miaka hiyo yote isiyo na mkimbizi Nduta, nani alichoma pori la Kibondo? Na mkiulizwa kuhusu moto wa mpakani, mnanyosha kidole upande wa Gisuru, ng'ambo Burundi. Sina shaka kwamba kule Gisuru, jioni hiyo hiyo, wanakohoa na kunyosha kidole upande wetu.

Nanyi mlioketi ofisini msidhani mmesalimika. Kila tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, mnakuja na magari na fulana zilizochapishwa, mnapanda miche, mnapigwa picha. Mche wa Aprili huku kwetu unapata mvua ya wiki chache tu kabla kiangazi hakijafunga. Ukinusurika na ukame, moto wa Agosti unaukuta hauna hata gome. Aprili inayofuata mnarudi kupanda pale pale. Sijawahi kuona fulana iliyoandikwa tarehe ya kulima kinga ya moto. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inazungumzia moto bila kumung'unya maneno, na inataka anayechoma nyasi na vichaka awe na kibali. Mtendaji wa kijiji, kitabu chako cha vibali kiko wapi? Ni ukurasa wa ngapi umeandikwa? Na wewe bwana misitu, kwa nini unaonekana haraka penye gogo la mbao na huonekani penye moshi?

Tarehe 11 Oktoba 2020 Kilimanjaro ilishika moto. Wenye hifadhi walisema ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Ziliungua takriban kilomita za mraba 95, na nchi nzima ikasimama: mamia ya watu walipanda mlima na matawi na majembe, magazeti yaliandika kila siku, viongozi walifuatana kwenda kuona. Ilikuwa haki. Ule mlima ni wetu sote. Ila Tanzania ina zaidi ya hekta milioni 48 za misitu, na sehemu kubwa si vilele vyenye theluji, ni miombo kama hii ya kwetu isiyo na mtalii wa kuipiga picha. Hii inaungua kila mwaka, na hakuna hata mwandishi mmoja anayepanda basi kuja Kibondo kwa ajili hiyo. Mimi siwalaumu waandishi. Habari ni jambo lisilotarajiwa, nasi tumehakikisha kwamba linatarajiwa.

Wachungaji, mapadri, masheikh: mnatufundisha sana kuhusu moto wa Jehanamu. Moto wa Agosti, ule unaomuunguza mjane angali hai, mmeuhubiri lini?

Narudi kwenye ukimya, maana humo ndimo ugonjwa ulimolala. Kila mtu kitongojini anajua nani aliwasha. Watoto wanajua. Moshi wa kwanza huonekana ukitoka mahali fulani, saa fulani, na mahali hapo pana mwenyewe. Lakini ni shemeji yangu. Ni mtoto wa dada. Ni mwenyekiti mwenyewe. Nikimtaja, msibani kwangu hataleta kuni, wala mkewe hatachota maji. Najua, nami naishi humu humu. Lakini tazameni tulichokinunua kwa ukimya huo: jirani aliyeunguliwa mizinga anajua kwamba unajua, anakusalimia asubuhi, unamwitikia, na wote wawili mnajua kwamba salamu hiyo haina kitu ndani yake. Huo undugu mnaoulinda kwa kunyamaza umekwisha kuungua zamani.

Anayetaka kuchoma na achome kama mtu mwenye jina. Achome mwishoni mwa Mei au Juni, nyasi zikiwa nusu mbichi. Awaambie majirani siku mbili kabla, wenye mizinga waijue saa. Alime kinga kuzunguka shamba lote, mpaka udongo uonekane, pana kuliko urefu wa nyasi zilizosimama. Awashe jioni upepo ukishalala, kuanzia juu ya mteremko na dhidi ya upepo, ili moto ushuke polepole badala ya kumkimbia. Asiwe peke yake, asiwe amelewa. Na asiondoke mpaka majivu yashikike kwa kiganja, maana kisiki kinaweza kufuka siku mbili na kuamka siku ya tatu. Ukiona upepo umebadilika kabla hujawasha, nenda nyumbani, shamba halitakimbia. Moto ukikushinda, piga yowe. Hakuna aibu katika kupiga yowe. Aibu ni kuweka panga begani na kwenda zako.

Mkutano mkuu wa kijiji, kwa sheria, hukutana kila miezi mitatu. Utakaofuata usianze na michango ya darasa wala ugomvi wa zahanati. Mtendaji alete daftari jipya. Iandikwe kila familia yenye shamba linalopakana na pori, siku itakayochoma, na majirani wanne watakaosimama nayo. Hiyo ni ajenda ya pili. Ya kwanza ni moto wa mwaka huu: uliwashwa wapi, siku gani, na nani, na aliyeunguliwa analipwa nini. Mwenyekiti asifunge kikao, wala mtu asitoke kwenda kula, mpaka jibu liwe limeandikwa kwenye muhtasari kwa majina yote matatu.